Watafiti wanapima samaki wetu kila mwaka. Hela yao nani anaipima?

#1 Kijana wa Mwalo

Wakuu habari za jioni.

Niko mwalo mmoja (pale mitumbwi inaposhusha samaki) huku Ilemela, Mwanza, jina naliacha. Kila mwaka wanakuja vijana wenye vizibao, ubao wa kupimia, mizani na madaftari. Sangara analazwa kwenye ubao, urefu unaandikwa, uzito unaandikwa, wengine wanapasuliwa tumbo waonekane wamekula nini na kama wana mayai. Halafu tunaulizwa sisi: nyavu za macho mangapi, injini ya nguvu gani, mafuta lita ngapi kwa safari. Tunajibu. Wanapanda gari lenye namba za serikali, wanaondoka. Mwaka unaofuata wanarudi na maswali yale yale.

Sina ugomvi nao, ni watu wa heshima, mmoja aliwahi kutusaidia kusukuma mtumbwi. Ila darasa likijengwa tunaliona, mbunge anakuja kukata utepe. Utafiti ukiisha, serikali inajuaje kama hela imefanya kazi au imeliwa? Nani anakagua, na anakagua nini hasa? Mwenye kuelewa aje. Matusi hapana.

#2 Mwana Kayenze

Naweka kambi hapa. Swali zuri.

#3 Boda wa Buzuruga

Jibu fupi: haipimwi. Andiko la kuomba hela likipita, gari linajazwa mafuta, posho zinagawanywa, ripoti inawekwa kabatini. Kabati ndilo linajua matokeo ya utafiti kuliko waziri. Fungeni uzi.

#4 Nzagamba Mpole

Boda, usifunge uzi, ngoja nikuambie kitu. Nilikuwa mhasibu kwenye taasisi moja ya umma kanda hii, siitaji. Hela ya utafiti inakaguliwa sana. Tatizo ni kinachokaguliwa.

Mtafiti anaomba masurufu aende visiwani siku kumi. Akirudi lazima ayarejeshe kwa vielelezo: barua ya safari, saini ya mtendaji wa kijiji, risiti za mafuta, orodha ya waliolipwa. Sasa alikodi mtumbwi kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Mkaguzi anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jamani, mwenye mtumbwi Ukerewe ana mashine ya EFD? Nilikaa na kijana mmoja mpaka saa mbili usiku tunatafuta namna ya kueleza shilingi elfu themanini za mtumbwi. Tukaambatisha karatasi yenye dole gumba la mwenye mtumbwi. Ikaandikwa hoja ya ukaguzi hata hivyo, na ile hoja ilitusumbua mwaka mzima.

Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumsikia mkaguzi akiuliza: "Mlienda kutafuta nini, na mlikipata?" Wala simlaumu, yeye ni mtu wa hesabu. Ila huyo wa kuuliza swali hilo sikumwona akija.

#5 Dada wa Capripoint

Dole gumba limenimaliza 😂😂 Kwa hiyo sayansi ya taifa imesimama kwenye kidole cha mvuvi.

#6 Daktari wa Furu

Mimi ni mtafiti, nitaongea kama mimi, si kwa niaba ya ofisi.

Kwanza nimsahihishe mleta mada kidogo. Hao wanaokuja si kundi moja. Kuna sensa ya uvuvi inayohesabu mitumbwi, injini na nyavu ziwa zima, Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, na hiyo hufanyika kila baada ya miaka miwili. Kuna wanaofuatilia mavuno mwaloni. Kuna meli inayopita na mitambo ya sauti kukadiria samaki waliomo majini. Kwako wote wanaonekana ni "wale wa vizibao", na sikulaumu, hakuna anayejitambulisha vizuri.

Pili, hela inaingia kwa njia tofauti na kila njia ina mpimaji wake. Mishahara na matumizi mengineyo yanatoka Hazina kupitia wizara mama. Ruzuku za kushindania zinatoka COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ambayo iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986 na kurithi baraza la zamani la UTAFITI la 1968. Huko unatolewa wito, watu wanaleta maandiko, wataalamu wengine wanayasoma na kuyapa alama, aliyeshinda analipwa kwa awamu, na awamu ya pili haiji mpaka ripoti ya kwanza ipokelewe. Halafu kuna wafadhili wa nje, nao wana fomu zao.

Sasa kinachouma. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bajeti imepitishwa, tunashangilia. Hela yenyewe inaweza kuingia Mei. Ifikapo Juni 30 kilichobaki kinatakiwa kurudi. Mimi nasoma dagaa, na dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo Mei hadi Juni nina giza mbili tu za kufanya kazi ya mwaka mzima. Nikikusanya sampuli za miezi miwili, mwanasayansi mwenzangu atasema haitoshi, na atakuwa sahihi. Nikisubiri Julai, hela haipo. Nichague lipi? Nachagua kutumia. Ripoti inasema "shughuli imetekelezwa kwa asilimia 100", na ni kweli, imetekelezwa.

#7 Kijana wa Mwalo

Daktari wabeja sana. Kumbe ndio nyie mlionitungia sheria ya sangara sentimita 50 🙄

#8 Daktari wa Furu

Ilipotungwa ilikuwa hamsini hadi themanini na tano 😀 Chini ya 50 wengi bado hawajazaa hata mara moja, juu ya 85 ni wazazi wakubwa wenye mayai mengi. Namba hiyo ilitoka kwenye zile mbao mnazotucheka. Kwa hiyo ukiuliza hela ilifanya nini, nenda kwenye friza la mchuuzi ukatazame samaki aliyefichwa chini ya barafu kwa kuogopa ukaguzi. Huyo ni matokeo ya utafiti.

#9 Mzee wa Kirumba

Huyo samaki wa chini ya barafu kila mtu anamfahamu, tusiendelee na mada hiyo.

#10 Mama Chanja

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nakausha dagaa Igombe. Zamani tulikuwa tunaanika mchangani. Dagaa wana mchanga, mvua ikinyesha umekwisha, unauza kwa chakula cha kuku. Wakaja vijana wa utafiti na mradi, wakatufundisha kuanika juu ya chanja za miti na wavu. Tulikuwa wanawake kama thelathini kwenye semina. Tukala wali nyama, tukapewa nauli, tukaondoka. Mwaka ule aliyejenga chanja ni mmoja tu, tena tulimcheka.

Ikapita kama miaka mitatu. Wanunuzi wakaanza kuuliza, "hawa ni wa chanja au wa mchanga?" Bei ikawa mbili. Basi kila mtu akajenga, na mimi nikajenga. Leo nasomesha watoto kwa chanja.

Sasa wale vijana walirudi kutathmini miezi sita tu baada ya semina. Wakakuta chanja moja. Nadhani waliandika mradi umeshindwa. Hawajarudi tena tangu hapo, nami namba zao sina.

#11 Dada wa Capripoint

Mama Chanja umeandika vizuri kuliko wasomi wote humu.

#12 Ofisi ya Kata

Nakazia #10. Nimekuwa kwenye timu za ufuatiliaji na tathmini halmashauri. Vipimo vinaandikwa kabla ya kazi: idadi ya mafunzo, idadi ya washiriki, wanawake wangapi, vijana wangapi, ripoti ngapi. Hivyo unavikamilisha siku ya semina yenyewe, kabla watu hawajamaliza soda. Kipimo kama "bei ya dagaa imepanda" hakuna anayekikubali kwenye mpango kazi, kwa sababu usipokifikia utaulizwa wewe.

#13 Aliyerudi

Nilisoma na kufanya kazi Uingereza miaka kadhaa, niwape ya huko ili msidhani ni tatizo letu peke yetu.

Wenzetu walianza kupima vyuo vyote kwa pamoja mwaka 1986. Siku hizi zoezi linaitwa REF, limefanyika 2014 na 2021. Paneli za maprofesa zinasoma machapisho ya kila idara na kuyapa nyota, mwisho nne. Nyota hizo ndizo zinazoamua mgao wa ruzuku ya serikali kwa miaka inayofuata. Halafu wakaongeza kipengele cha faida kwa jamii: idara ilete kisa chenye ushahidi kwamba utafiti wake umebadilisha kitu nje ya chuo. Mwaka 2014 kipengele hicho kilibeba asilimia 20 ya alama, 2021 kikapanda hadi 25. Na hapa Mama Chanja angefurahi, maana utafiti wenyewe unaweza kuwa wa miaka mingi nyuma, alimradi faida imeonekana ndani ya kipindi kinachopimwa.

Matokeo yake? Idara zinaajiri mtu maalumu wa kuandika visa. Kuna wahadhiri wanabembelezwa kuhama chuo zoezi likikaribia, kama usajili wa dirisha dogo.

#14 Boda wa Buzuruga

Profesa anasajiliwa dirisha dogo, Yanga wanamtaka, Simba wanaongeza dau 😂 Hiyo nimeipenda.

#15 Mtu wa Malimbe

Nyongeza kwa Aliyerudi: Afrika Kusini wizara inavilipa vyuo ruzuku kwa kila makala iliyochapishwa kwenye majarida yanayotambuliwa. Makala zikaongezeka kweli. Na majarida ya kijanja yanayochapisha chochote mradi ulipie, nayo yakapata wateja. Hata hapa Wizara ya Elimu imeanza kutoa tuzo ya fedha kwa wanaochapisha kwenye majarida makubwa. Sipingi, mwanasayansi naye ale. Ila mtu akilipwa kwa makala ataleta makala. Mvuvi hasomi jarida, tena la Kiingereza, tena la kulipia.

#16 Isamilo Juu

Jamani tusijidharau. Utafiti mkubwa wa UKIMWI ulifanyika hapa hapa Mwanza miaka ya tisini, serikali yetu ikalipia, ukaonyesha kwamba ukitibu magonjwa ya zinaa maambukizi ya VVU yanapungua kwa asilimia 40. Dunia nzima ikaiga. Hiyo ndiyo hela ya kodi ikifanya kazi.

#17 Daktari wa Furu

Isamilo, nusu umepatia. Ulifanyika kweli, NIMR Mwanza (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) pamoja na shirika la AMREF na chuo cha tiba cha London, ukachapishwa 1995. Jamii 12, sita ziliboreshewa huduma ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida, sita zikasubiri. Baada ya miaka miwili, kwenye sita za kwanza walioambukizwa walikuwa asilimia 1.2, kwenye sita nyingine asilimia 1.9. Ndiyo hiyo asilimia 40 yako. Lakini hela kubwa ilitoka Ulaya. Sisi tulitoa watu, vituo, na wananchi waliokubali kutolewa damu.

Na hadithi haikuishia hapo. Rakai, Uganda, wakajaribu kwa njia nyingine: wakawapa watu wote dawa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi. Majibu yakatoka 1999: VVU haikupungua. Baadaye hapa kanda ya ziwa wakajaribu kidonge cha malengelenge ya sehemu za siri kwa wanawake wa baa na nyumba za wageni, 2008 wakatangaza hakizuii VVU. Sasa wewe mkaguzi unayetaka "matokeo chanya", hao wawili utawapa alama gani? Mimi nawapa zote, kwa sababu waliokoa nchi zisinunue dawa isiyosaidia. Ila jaribu kumwambia mwanasiasa kwamba ametumia mabilioni kupata neno "hapana".

#18 Mzee wa Kirumba

Hapo pa Ulaya ndipo penyewe. Anayelipa ngoma ndiye anachagua wimbo. Uswidi walianza kusaidia utafiti nchini mwaka 1977. Shukrani kwao, lakini ndugu zangu, mfadhili ana swali lake. Miaka ile magugu maji yamefunga ziwa, mradi wa mazingira wa ziwa ukafadhiliwa kupitia Benki ya Dunia kuanzia 1997. Fukusi, wadudu wanaokula magugu hayo, wakazalishwa, wakaachiwa, magugu yakapungua, tuliona kwa macho. Mradi ukafungwa 2005. Sasa gugu jipya limeingia, juzijuzi linasumbua hata pale Kigongo. Vituo vya kuzalisha fukusi viko wapi? Vilikuwa vya mradi.

#19 Binti Misungwi

Kigongo siku hizi tunapita juu, daraja la Magufuli, magugu mnayaangalia kwa chini kama watalii 😎

#20 Mkulima wa Usagara

Ngojeni niwape ya pamba maana mmekaa ziwani tu. Baba yangu alilima UK82, mimi nikalima UK91, sasa ni UKM08. Zote za Ukiriguru, hapo Misungwi. Mbegu hizo hakuna Mtanzania asiyevaa matokeo yake.

#21 Boda wa Buzuruga

UK si Uingereza? Kwa nini tunalima mbegu za Uingereza?

#22 Mkulima wa Usagara

UK ni U-KI-riguru, wewe boda! Lipa nauli ya darasa.

Nilichotaka kusema: pamba tunakatwa tozo, na sehemu inatakiwa kuendeleza zao. Tunayo haki ya kuuliza kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, na tunauliza kwa sauti. Mbegu isipoota mtafiti haitaji ripoti, anatusikia. Kahawa nao wana taasisi yao ya utafiti, TaCRI, wadau wa zao wanaichangia. Nadhani dawa ni hiyo: mlaji wa utafiti achangie, ndipo atapima. Wavuvi mnapimiwa bure, ndiyo maana hamrudishiwi majibu.

#23 Kijana wa Mwalo

Mkulima, mimi nalipa leseni ya uvuvi, leseni ya chombo, ushuru wa mwalo, na michango ya BMU, kikundi cha kusimamia mwalo. Bure iko wapi hapo?

#24 Nzagamba Mpole

Na hoja ya tozo ina tundu. Mazao yenye hela ndiyo yatapata utafiti. Nani atakatwa tozo ya mtama, au ya kichocho? Kichocho hakina AMCOS.

#25 Jaluo Mstaarabu

Salamu kutoka Kisumu. Huku kwetu sheria ya sayansi ya 2013 inasema asilimia mbili ya pato la taifa iende kwa utafiti, na mfuko wa taifa wa utafiti uliundwa na sheria hiyo hiyo.

#26 Dada wa Capripoint

Na mnazipata?

#27 Jaluo Mstaarabu

Dada, nimesema sheria inasema.

#28 Mtu wa Malimbe

Asilimia moja viongozi wa Afrika walishaiandika Lagos mwaka 1980. Sisi tumekuwa tukizunguka kwenye nusu yake. Kwa maoni yangu tunabishana juu ya mizani wakati gunia lenyewe halijajaa. Mfuko ukiwa mdogo, maandiko mazuri ni mengi kuliko hela, wasomaji wa maandiko ni wachache na wanafahamiana. Nchi hii wanaojua vizuri furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, wanatosha kwenye meza moja ya mgahawa. Leo mimi nasoma lako, kesho wewe unasoma langu. Hata tukiwa waaminifu kabisa, nani atakuwa mkali?

#29 Aliyerudi

Hilo la wasomaji wenzetu wamelitafutia dawa ya ajabu. New Zealand, tangu 2013, wana ruzuku ndogo za afya ambazo maandiko yanachujwa kuona kama yanafaa, halafu yaliyofaa yanapigiwa kura ya bahati nasibu. Uswisi nao, maandiko yakifungana alama, wanaweza kuokota kwa bahati. Hoja yao ni kwamba wataalamu wanaweza kutofautisha zuri na bovu, ila zuri na zuri hawawezi, wanajidai tu.

#30 Boda wa Buzuruga

Sasa mmefika kwenye taaluma yangu. Maprofesa leteni mkeka, naweka elfu mbili kwenye furu, odi kubwa 🔥

#31 Ofisi ya Kata

Bongo bahati nasibu haiwezekani. Jina la kwanza kutoka likifanana na la mkubwa yeyote, hata kama ni bahati kweli, nani ataamini? Heri kamati, angalau unajua wa kumlaumu.

#32 Mzee wa Kirumba

Daktari wa Furu, nilikuwa nakusubiri useme la sangara mwenyewe. Mzungu alituletea sangara bila utafiti.

#33 Daktari wa Furu

Mzee, kinyume chake. Utafiti ulikuwepo. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki kilikuwa Jinja, na mtafiti mmoja, Geoffrey Fryer, aliandika 1960 akionya wasimpandikize. Idara ya uvuvi ilitaka samaki mkubwa, wakamleta kutoka Ziwa Albert, wengine wanasema alishamwagwa kimyakimya tangu miaka ya hamsini. Miaka ya themanini furu wakaisha kwenye ghuba yetu.

Na hapo kuna kisa kingine. Mwaka 1977 timu ya Chuo cha Leiden ilikuja Ghuba ya Mwanza kuwasoma furu, kwa sababu kulikuwa na kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo na watu walitaka kujua ziwa lina furu kiasi gani. Katikati ya kazi, furu wenyewe wakatoweka mbele ya macho yao. Andiko likafa, lakini wakawa wameandika kutoweka kwa mamia ya spishi tangu mwanzo, jambo ambalo hakuna mfadhili angelipia ukimwomba. Ukiwapima kwa andiko walifeli.

#34 Mzee wa Kirumba

Na ukimpima Fryer kwa faida kwa jamii? Bila sangara hakuna viwanda vya minofu, na Mwanza hii usingeitambua. Wajukuu zangu wamesomeshwa na sangara.

#35 Mama Chanja

Mzee, furu walikuwa watamu lakini.

#36 Mzee wa Kirumba

Walikuwa watamu, mama. Na kambare, na ningu wa Simiyu. Usinikumbushe.

#37 Kijana wa Mwalo

Wakuu, mrejesho. Wale wa vizibao wamekuja leo asubuhi. Nikamwuliza kiongozi wao: ya mwaka juzi yalitoka nini? Akasema yapo kwenye ripoti, iko ofisini, anaweza kunitumia kwa WhatsApp. Ametuma kweli, nampongeza. Kurasa 64, Kiingereza chote. Nimeona mwalo wetu uko kwenye jedwali, mstari mmoja, mitumbwi yetu wameipunguza miwili.

Nikamwambia miwili imepungua. Akacheka, akafungua fomu mpya, akaandika kwenye sehemu ya maoni.

#38 Daktari wa Furu

Nitumie picha ya huo ukurasa inboksi. Miwili hiyo huenda ilikuwa kambini visiwani siku ya kuhesabu, lakini niangalie.

#39 Nzagamba Mpole

Au mmoja ni ule wa dole gumba.

#40 Boda wa Buzuruga

Kijana, hapo mwaloni sangara kilo ngapi leo? Wa barafuni sitaki.